Dawa ya kulegeza misuli kwenye nusu kaputi: nani anapima kama imeisha mwilini?

#1 MtuWaUsingizi (mleta mada, Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nzima humu watu wamebishana kuhusu "kuzidishiwa nusu kaputi". Nimesoma michango ya wenye hasira na ya wenye utani, na naona wengi mnaibebesha lawama dawa isiyohusika. Kazi yangu ni kutoa usingizi, nipo hapa Moshi, na leo sipo zamu, kwa hiyo nitaandika kirefu. Asiyependa gazeti apite tu, sitanuna.

Mtu akisema amepigwa nusu kaputi anawaza sindano moja. Pale kitandani unapewa mchanganyiko. Ipo ya kukulaza, kama propofoli au ketamini. Ipo ya maumivu, fentanili au mofini. Ipo gesi inayokuweka usingizini hadi mwisho, halotheni au isofloreni. Na kama operesheni ni ya tumbo, au inabidi tubu iingie kooni ili mashine ikupumulie, inaongezwa dawa ya kulegeza misuli: skolini kwa ile ya haraka haraka, halafu atrakuriamu, vekuroniamu, rokuroniamu au pankuroniamu kwa kazi ndefu. Ubishi wenu mwingi unahusu hii ya mwisho bila wenyewe kujua.

Hii haikulazi wala haipunguzi maumivu hata punje. Daktari mmoja Mmarekani, Scott Smith, alikubali kupewa tubokurarini akiwa macho kabisa mpaka akashindwa kusogeza kiungo chochote, wenzake wakimpumulia. Dawa ilipoisha akasimulia yote waliyokuwa wakisema na kumfanyia. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1947, na tangu hapo hakuna mtu wa fani hii mwenye haki ya kuamini kwamba mgonjwa aliyetulia tuli ndiye mgonjwa aliyelala.

Asili yake ni kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika Kusini. Madaktari Griffith na Johnson waliiingiza kwenye usingizi wa thieta huko Montreal, Kanada, tarehe 23 Januari 1942. Na kabla hamjaanza: hapana, si sumu ya Wahadzabe wa Eyasi. Ile wanaipata kwenye waridi la jangwani na inashambulia moyo. Kurare haigombani na moyo, inazuia amri ya neva isifike kwenye msuli.

Inavyozuia ndiyo msingi wa uzi. Chukua daladala ya KCMC. Viti ni vipokezi vilivyoko kwenye msuli, abiria halali ni asetilikolini, kemikali inayotoka kwenye neva. Abiria akikaa, msuli unakaza. Dawa yetu ni watu wanaokaa kwenye viti bila kulipa nauli. Sasa mwili una viti vya akiba vingi sana: robo tatu ya viti vikiwa vimekaliwa na wasiolipa, ukiutazama msuli kwa macho bado unakaza kama kawaida. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufumbua macho, akakushika mkono, akakuambia "ahsante dokta", na bado sehemu kubwa ya vipokezi vyake imezibwa.

Anayeumia hapo ni koo. Misuli ya kumezea na ya kushikilia njia ya hewa inachelewa kuliko kiwambo cha kupumulia. Mgonjwa anapumua, lakini mate hayamezeki sawasawa, ulimi unaanguka nyuma, akitapika yanaingia mapafuni. Oksijeni inashuka akiwa wodini, wakati huo sisi thieta tumeshaanza kumwandaa mwingine.

Tunajuaje kwamba imeisha? Wengi wanatazama saa ya ukutani: "nilimpa saa tatu, sasa hivi saa tano, itakuwa imeisha." Kuna utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2003, wagonjwa 526, kila mmoja alipewa dozi moja tu ya kuingizia tubu, ya dawa hizi za muda wa kati, bila dawa ya kuigeuza. Walipopimwa kwenye chumba cha kuamkia, 45 kati ya kila 100 hawakuwa wamefika kiwango salama. Hata waliokuwa wamepitisha zaidi ya masaa mawili tangu sindano, 37 kati ya 100 bado. Masaa mawili, dozi moja!

Wengine wanatumia ishara. "Mama, nyanyua kichwa, nihesabu mpaka tano." Mtu ananyanyua vizuri kabisa akiwa na nguvu ya nusu tu kwenye kipimo nitakachoeleza sasa hivi.

Kipimo chenyewe ni kiboksi kidogo cha betri chenye nyaya mbili. Unafuta kifundo cha mkono kwa spiriti upande wa kidole kidogo, unaacha pakauke, unabandika stika mbili zile zile za kupimia moyo, moja juu ya nyingine kufuata mkondo wa neva, zikiachana sentimita chache. Waya mweusi ukae karibu na kiganja, mwekundu upande wa kiwiko. Neva hiyo ndiyo unayoigonga kiwikoni ukahisi shoti mpaka kidole kidogo. Ukibonyeza, kidole gumba kinavutwa kuelekea kiganjani, tik. Unapandisha umeme mpaka uone kidole hakiongezi nguvu tena, halafu unaongeza kidogo juu yake. Kwa watu wazima wengi inaangukia kati ya miliampea 40 na 60. Kipimo hiki cha kuanzia kifanyike mgonjwa akishalala, KABLA ya dawa ya misuli. Wengi wanaruka hapo halafu baadaye wanalalamika kwamba mashine inadanganya.

Kisha unatuma mapigo manne, kila moja nusu sekunde baada ya jingine. Wenyewe tunaita TOF. Ilitengenezwa na Ali, Utting na Gray wa Liverpool, wakaichapisha 1970, na mpaka leo hakuna iliyoipiku kwa urahisi. Dawa ikiingia, pigo la nne linafifia, linapotea, linafuata la tatu, la pili, la kwanza. Mpasuaji akilalamika tumbo gumu, unatazama: kama bado kuna pigo moja au mawili tu, msuli umelegea vya kutosha, tafuta sababu nyingine, pengine usingizi ni mwepesi. Wakati wa kuamsha yanarudi kwa mpangilio ule ule kinyume chake. Yakirudi yote manne, unagawa nguvu ya la nne kwa nguvu ya la kwanza. Tunataka 0.9 au zaidi ndipo tubu itoke. Zamani ilikuwa 0.7, ikaachwa baada ya kuona watu waliojitolea, wakiwa macho, wenye 0.7 wanaona vitu viwili viwili na hawawezi kunywa kwa mrija.

Na hapa ndipo penye mtego hasa. Jicho na kidole cha binadamu, hata cha mkongwe wa kazi, hakioni tofauti kati ya pigo la kwanza na la nne namba hiyo ya mgawanyo ikishapita 0.4. Kuanzia hapo mpaka 0.9 yote manne yanaonekana sawa. Kwa hiyo "nimeona manne" maana yake ni kwamba umeingia kwenye eneo usiloliona. Anayeliona ni kifaa kinachotoa namba, chenye kihisi kwenye kidole gumba.

Maswali ruksa. Matusi peleka jukwaa la siasa.

#2 KondaMstaafu

Mkuu umenikamata pale kwenye daladala. Na hao wasiolipa nauli wanashushwaje?

#3 MtuWaUsingizi

Njia mbili. Neostigimini haiwagusi hao wajanja. Inazuia abiria halali wasishuke, wanajaa kwenye gari mpaka wanawabana wale wengine watoke wenyewe. Ndiyo maana kama gari limejaa wajanja tupu, neostigimini haisaidii, hata uongeze dozi. Njia ya pili ni sugamadeksi: hiyo ni karandinga, inawakamata mmoja mmoja na kuondoka nao kupitia figo.

#4 Ndizi_Mshare

Naweka kambi hapa.

#5 MamaWaSakina

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo Arusha. Miaka ya nyuma nilifanyiwa upasuaji wa kizazi, hospitali sitaitaja. Mwishoni nilisikia watu wanaongea, mmoja anacheka, mwingine anauliza pamba ziko ngapi. Nikataka kufumbua macho hayafumbuki. Nataka kuvuta pumzi kifua hakinisikilizi. Nikajua nimekufa, ndivyo wafu wanavyosikia. Nilipowaambia wodini waliniambia ni ndoto za dawa. Mume wangu hadi leo anaamini ilikuwa ndoto. Nisaidieni, ni kitu gani?

#6 MtuWaUsingizi

Marahaba mama, na pole sana. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini unavyoeleza, kusikia maneno mahususi, mwili haujibu, pumzi haivutiki, na ni mwishoni mwa operesheni, ndivyo hasa wanavyoeleza watu ambao usingizi umeisha kabla ya dawa ya misuli. Ndoto kwa kawaida haihesabu pamba.

Uingereza na Ireland walifanya ukaguzi mkubwa wa mambo haya, ripoti ikatoka 2014. Waliokuja kueleza wenyewe kwamba walikuwa macho ni kama 1 kati ya 19,000 wa nusu kaputi. Ukiwagawa ndipo unaona mchawi: waliopewa dawa ya misuli ni kama 1 kati ya 8,000, wasiopewa kama 1 kati ya 136,000. Na wale wa upasuaji wa uzazi kwa nusu kaputi ndio walikuwa juu zaidi, kama 1 kati ya 670. Na katika wote walioeleza, sehemu yao waliamka mwishoni, kama wewe, dawa ya misuli ikiwa bado mwilini.

Mambo mawili, mama. Siku ukihitaji upasuaji tena, mwambie mtoa usingizi maneno haya haya uliyoandika hapa, kabla hajakugusa. Atabadilisha mpango wake. Na kama bado unaota usiku au ukisikia harufu ya spiriti moyo unakwenda mbio, hilo linatibika, usilibebe peke yako.

#7 MamaWaSakina

Barikiwa mwanangu. Nitamsomesha baba watoto huu uzi usiku huu huu.

#8 ZamuYaUsiku

Mleta mada nakuheshimu, ila hebu tusiwatishe wananchi. Mimi nimetoa usingizi hospitali ya wilaya tangu enzi za itha. Sina hicho kiboksi. Namalizia na neostigimini ampuli moja na atropini, kila mgonjwa, nasubiri apumue vizuri, anyanyue kichwa, natoa tubu. Wagonjwa wangu wanakwenda nyumbani. Nyie wa hospitali kubwa mmezoea vitu vya kisasa. Sisi TANESCO wakikata, jenereta inawaka kwa maombi, mtungi wa oksijeni unaufuata mjini na gari la kuazima, halafu unaniambia nikatafute mashine ya kidole gumba?

#9 MtuWaUsingizi

Mkuu shikamoo. Sikudharau hata kidogo, na kwenye foleni ya mahitaji nakubaliana na wewe: oksijeni kwanza, kipima oksijeni cha kidole, halafu cha hewa ukaa inayotoka kwenye tubu. Ningepewa hela za kimoja nisingeanza na hiki.

Ila nisikilize kwenye hiyo ampuli moja kwa kila mgonjwa. Neostigimini inachukua dakika 7 mpaka 10 kufika kileleni. Wewe unampa mgonjwa wakati mpasuaji anafunga bandeji, dakika ya tatu tubu iko nje. Na ina dari: ukishafika miligramu 5 kwa mtu mzima, kuongeza hakuleti kitu zaidi ya moyo kwenda polepole. Ukimpa mtu ambaye hajarudisha hata pigo moja, unampandisha kutoka kwenye kulegea kabisa hadi pale pabaya hasa, anapumua, ananyanyua kichwa, na koo halijarudi. Anaonekana mzima. Bila kifaa huwezi kumtofautisha na mzima kweli. Subiri mapigo manne yarudi, ndipo umpe, na hata hapo mwachie muda.

Kingine. Ukishamwekea barakoa ya oksijeni, kipima cha kidole kitasoma 98 hata kama anapumua nusu nusu. Oksijeni inaficha upumuaji hafifu. Sasa anapelekwa wodini, barakoa inavuliwa kwa sababu mtungi unahitajika kwingine, saa sita usiku muuguzi mmoja ana wagonjwa wodi nzima. Akifariki alfajiri wanaandika "presha". Mimi na wewe tunajuaje kwamba waliokwenda nyumbani ndio wote?

Kuhusu TANESCO, kiboksi cha kawaida kinatumia betri. Na si kitu cha hospitali kubwa tu: viwango vya kimataifa vya usingizi salama vilivyotolewa 2018 na WHO pamoja na shirikisho la dunia la watoa usingizi vinapendekeza kitumike kila dawa hizi zinapotolewa.

#10 ZamuYaUsiku

Ya presha umenichoma. Ila bado nasema, mgonjwa akiwa na dozi ndogo na kazi fupi mkono wangu unatosha. Ningebanwa nichague, ningepunguza dawa yenyewe. Sikuhizi ngiri na uzazi nafanya kwa ganzi ya mgongo, dawa ya misuli nagusa mara moja moja.

#11 MtuWaUsingizi

Hapo mkuu tuko pamoja asilimia mia. Dawa isiyotolewa haihitaji kupimwa.

#12 FundiVifaaTiba

Mimi natengeneza vifaa vya hospitali kanda hii. Naomba niseme lisilosemwa. Hivyo viboksi vipo. Viko stoo. Vililetwa na wafadhili, vina kihisi cha kidole gumba na kila kitu, waya mmoja ukakatika, ikaandikwa MBOVU kwa maka peni, basi. Nimefungua kimoja mwaka huu, tatizo lilikuwa betri imevuja na kuozesha sahani mbili za mguso. Nimezikwangua kwa kisu, nikafuta kwa spiriti, kikawaka.

Ugonjwa wa pili ni stika. Watu wanafungua pakiti ya stika hamsini, wanaiacha wazi mwezi mzima, jeli inakauka. Stika kavu, umeme haupiti, kidole hakichezi, wanadhani mgonjwa kalegea kumbe ni gundi tu. Kama kifaa chako kinaonyesha namba ya umeme uliouomba na ya ule uliopita kweli, tazama ule uliopita.

Na hivi vyenye kihisi cha mwendo: vinapima kasi ya kidole kinavyoruka. Kidole kikibanwa na shuka au mkono ukikunjwa chini ya mgonjwa, namba ni takataka. Kuna aina nyingine inayosoma umeme wa msuli wenyewe, hiyo hata mkono ukifungwa haina shida, ila stika zake ni za peke yake na zikiisha ndiyo basi.

#13 Intern_Kibosho

Boss, kwenye kazi nyingi mikono inafungwa pembeni na shuka za kijani, sisi tunaweka stika usoni karibu na jicho. Nyusi ikicheza mara nne tunaamsha. Hiyo vipi?

#14 MtuWaUsingizi

Hiyo ndiyo ninayoipinga kuliko zote, hata kuliko kutopima. Kwa sababu asiyepima anajua kwamba hajapima.

Misuli ya nyusi inaamka mapema, inakwenda na kiwambo cha kupumulia. Kidole gumba kinachelewa, kinakwenda karibu na koo. Kwa hiyo uso ukikuambia manne, kidole gumba pengine ndiyo kinatafuta la pili. Tena pale usoni stika zikikaa vibaya umeme unaupiga msuli moja kwa moja bila kupitia neva, nyusi itacheza hata kwa mtu aliyelegea kabisa. Uso utumie katikati ya kazi kama huna jinsi. Kabla ya kutoa tubu, mwombe mpasuaji akuachie mkono, funua shuka, hamishia stika kifundoni. Kama mikono haipatikani kabisa, nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani kuna neva, kidole gumba cha mguu kitakunja.

Na usirudie mapigo manne kila sekunde kama unacheza gemu. Achia walau sekunde kumi na mbili, la sivyo unajipotosha. Na asifanyiwe aliyeamka "ili tuone". Inauma. Jaribu kwenye mkono wako mwenyewe usiku mmoja wa zamu, utaheshimu.

#15 Intern_Kibosho

Nimejaribu sasa hivi kwa miliampea 30. Nimetukana.

#16 Rau_Mkulima

Wakuu mimi ni mkulima wa nyanya, sijaelewa hata nusu ila nina swali. Kijana wangu ndiye anapuliza dawa shambani, msimu mzima, bila glovu, unamkataza hasikii. Akija kupasuliwa, zile sumu zinahusiana na hizi dawa zenu?

#17 MtuWaUsingizi

Mzee wangu umeuliza swali la maana kuliko madaktari wote humu.

Zinahusiana sana. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti vinaua kimeng'enya cha kwenye damu ambacho ndicho kinavunja skolini. Skolini kwa mtu wa kawaida inaisha ndani ya dakika 5 mpaka 10. Kimeng'enya kikiwa kimeuawa, inaweza kumlegeza misuli kwa masaa, na njia pekee ni kuendelea kumpumulia, akiwa amelala usingizi wa kweli, mpaka iishe. Na kosa baya ni kumpa neostigimini hapo, kwa sababu nayo inazuia kimeng'enya hicho hicho. Kiboksi kinasaidia: baada ya skolini ya kuingizia tubu, unatazama kwanza mapigo yarudi kabla ya kuongeza dawa ndefu. Yasiporudi, unajua una mgeni, unasimama hapo.

Wapo pia waliozaliwa hivyo, kwenye ukoo. Ukisikia "shangazi alipasuliwa akachelewa kuamka siku nzima", sema.

Mwambie kijana akienda hospitali ataje jina la dawa anayopuliza, au apige picha chupa. Huku kwetu, kahawa, nyanya, maua ya Usa River, swali la "unapuliza dawa gani" lingetakiwa liwe kwenye fomu.

#18 SistaLeba

Ongezea magneziamu, nakuomba. Sisi tunawapa kina mama wenye kifafa cha mimba, wanaingia thieta nayo mwilini, na kwenye kelele za dharura hakuna anayemwambia mtu wa usingizi.

#19 MtuWaUsingizi

Asante sista. Magneziamu inapunguza abiria halali kutoka kwenye neva, kwa hiyo atrakuriamu ile ile, dozi ile ile, inakaa muda mrefu zaidi. Hata akisharudi vizuri, ukimwongezea magneziamu chumba cha kuamkia anaweza kulegea tena. Jentamisini nayo imo kwenye kundi la wanaozidisha, na ubaridi pia: thieta yenye kiyoyozi, tumbo wazi, maji ya dripu ya baridi. Atrakuriamu inajivunja yenyewe kwa joto la mwili. Mwili ukipoa inachelewa.

Andikeni "MAG" kwa maandishi makubwa kwenye plasta, mbandike kifuani kwa mama. Nimeona sehemu wanafanya hivyo, haigharimu kitu.

#20 Ngaramtoni1

Si mtoe hiyo sugamadeksi kwa wote tu tuache kelele?

#21 MtuWaUsingizi

Bei yake mkuu, kwanza. Pili inakamata rokuroniamu na vekuroniamu tu. Kwa atrakuriamu na skolini haifanyi chochote, na huku wengi tunatumia hizo. Tatu, hata yenyewe dozi inategemea kipimo: miligramu 2 kwa kilo kama mapigo mawili yamerudi, 4 kama bado hakuna hata moja, ila ukimpiga kwanza shoti ndefu mfululizo kidole kinacheza kidogo baada yake. Usipopima unakisia dawa ya bei mbaya. Na dada zetu wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wajue, inavikamata navyo kidogo: watumie kinga nyingine kwa siku 7. Hili haliambiwi watu kabisa.

#22 KijanaWaPasua

Mkuu umenitia hofu. Mzee wangu anapasuliwa ngiri wiki ijayo. Nimemwandikia maswali yote kutoka huu uzi, ukurasa mzima: kiboksi mnacho, 0.9, stika kifundoni siyo usoni. Niende nayo?

#23 MtuWaUsingizi

Usiende na ukurasa, watakuona mkorofi. Muulize mtu wa usingizi, si mpasuaji: "Mtampa nusu kaputi au ganzi ya mgongo?" Kama ni nusu kaputi, "Mtatumia dawa ya kulegeza misuli? Mtajuaje imeisha?" Kisha nyamaza usikilize. Anayepima atakueleza kwa furaha, hatukosi maneno tukiulizwa hilo.

#24 KijanaWaPasua

Nimempigia. Ni ganzi ya mgongo. Atakuwa macho, ameruhusiwa hata redio.

#25 ZamuYaUsiku

Hahaha. Nilisema mimi.

#26 MtuWaUsingizi

Basi uzi wote huu haumhusu mzee wako, mkuu. Ila ganzi ikigoma anahamishiwa nusu kaputi pale pale mezani, kwa hiyo asile chochote kuanzia muda watakaomwambia, na azipeleke dawa zote anazomeza kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba anazomficha mama yako.